Muuzaji anayepima mguu



Mwezi wa nane unaisha, na wiki hizi kila mama wa Lubumbashi ana hesabu ileile kichwani: madaftari, shati nyeupe, sketi au suruali ya bluu, na viatu. Madaftari yanahesabika. Shati ikiwa kubwa, mshonaji wa mtaani ataipunguza jioni moja. Kiatu hakipunguzwi wala hakirefushwi, na mara nyingi ndicho kinachokula falanga nyingi kuliko vyote. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yametangazwa kuwa bila malipo, na tulifurahi. Lakini kiatu hakimo katika zawadi hiyo. Kiatu ni juu yetu, na wenye watoto wanne au watano wanajua maana yake.

Katika mikutano yetu ya Kenya na Katuba wamama huulizana: umenunua kiatu gani, kwa bei gani? Ni mara chache tunaulizana: amekuuzia nani, na alifanya nini kabla ya kupokea pesa yako? Sisi tunaona swali hilo la pili ndilo lenye faida zaidi, na juma hili tutakaa nalo.

Tuanze na jambo lililotokea mwaka jana kwa mmoja wetu, naye ametupa ruhusa ya kulisimulia bila jina. Binti yake alikuwa anaingia kilasi ya tatu. Mama alikwenda sokoni peke yake, na kamba mfukoni, kama mama zetu walivyofanya na bibi zetu kabla yao: unamlaza mtoto kamba chini ya mguu, kisigino hadi kidole, unaikata, unakwenda kuiingiza ndani ya kiatu. Kamba ikakaa vizuri. Muuzaji akasema, “Mama, hii ndiyo yenyewe,” akafunga kwenye sashe, yamekwisha. Urefu ulikuwa sawa kabisa. Lakini kamba haina upana, na ule mguu ulikuwa mpana. Juma la kwanza mtoto alinyamaza kwa sababu kiatu kilikuwa kipya na kizuri. Juma la pili kidole kidogo kilikuwa na kidonda, juma la tatu mguu umevimba, na mtoto akakaa nyumbani siku kumi na mbili. Mwalimu alidhani ni uvivu. Pesa ya dawa na ya kufungwa kidonda ilipita bei ya kiatu, na alipokirudisha, muuzaji alisema kiatu kilichokwisha kugusa udongo hakirudi.

Muuzaji yule hakuwa mwizi. Alifanya kazi ya kuuza. Kazi ya kupima hakuifanya, na hakuna aliyemwomba aifanye.

Mguu wa mtoto si mguu wa mtu mzima uliofanywa mdogo. Mguu wa mtu mzima una mifupa 26. Kwa mtoto sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni laini, kama ule mfupa mweupe wa sikio, na inaendelea kukomaa mpaka karibu na umri wa utu uzima. Ndiyo maana mtoto anaweza kuvaa kiatu kinachombana bila kulia: mguu unajikunja, unakubali. Usingoje alalamike. Na usiamini jibu lake dukani. Ukimuuliza, “Kinakubana?” mbele ya kiatu kipya kinachong'aa, atasema hapana hata kama vidole vimekunjwa kama ngumi.

Mguu wa mtoto wa shule ya msingi huongezeka karibu sentimita moja kwa mwaka, wengine zaidi. Sasa tazama numero. Numero tulizozizoea hapa, za Kifaransa, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita. Kutoka 29 kwenda 30 ni milimita 6 na kidogo, karibu 7. Kwa hiyo sentimita moja ni numero moja na nusu. Mama anayemnunulia mtoto numero tatu mbele “ili kidumu” amempa sentimita mbili za hewa. Mguu utateleza humo kama mchi ndani ya kinu, kisigino kitachubuka, na kiatu kitakunjika mahali pasipo pake na kupasuka kabla ya mvua kwisha. Tunawaelewa wanaofanya hivyo. Hatuna pesa ya kununua mara mbili. Lakini kiatu kikubwa mno hakidumu zaidi. Kinakufa mapema, na mtoto anatembea akikiburuta.

Hesabu ni hii, na metre ya mshonaji inatosha. Msimamishe mtoto, jioni, kisigino kikigusa ukuta. Asimame, asikae, kwa sababu mguu unarefuka unapobeba mwili; na jioni, kwa sababu mguu unavimba kidogo kutwa nzima. Pima miguu yote miwili. Kwa watu wengi haiko sawa, na unashika ule mkubwa. Tuseme umepata sentimita 18 na nusu. Ongeza sentimita moja ya kupumulia na kukua: 19 na nusu. Halafu ongeza nusu ya hiyo hesabu, yaani 9 na robo tatu. Unafika 29 na robo. Basi unatafuta 29 au 30, na kama pesa ni ya mwaka mzima unachukua 30. Si 32. Si “hii ndiyo iliyobaki, mama, itamkaa tu.”

Lakini numero ni mlango, si nyumba. Viatu vingi vya Lubumbashi vimepita Kasumbalesa, na humo mna vya kila nchi. Vinavyotoka Zambia mara nyingi vina numero za Kiingereza: 12 ya mtoto ni karibu 30 au 31 yetu, na baada ya 13 wanaanza tena 1, ambayo ni karibu 33. Tumemwona mama aliyekataa kiatu chenye 1 chini, akidhani ni cha mtoto mchanga! Vingine, hasa vya China, vimeandikwa kwa milimita, 195 au 200, na hapo maana yake ni urefu wa mguu wenyewe, si wa kiatu. Muuzaji anayeijua kazi yake atakueleza tofauti hizi bila kuulizwa mara mbili. Asiyejua ataangalia uso wako na kutaja numero unayotaka kusikia.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji, kabla ya bei: “Papa, utampimaje huyu mtoto?” Usiseme numero. Nyamaza, mwache afanye. Anayemwambia mtoto avue kiatu cha zamani na kusimama juu ya karatoni, anayeangalia miguu yote miwili, anayegusa kidole gumba kwa juu kuona kimefika wapi, huyo kaa naye. Wako wachache, lakini wako: sokoni Mzee Laurent-Désiré Kabila, katika vibanda vya soko la Kenya, hata kwenye meza za pembeni mwa barabara kule Ruashi. Usidhani duka lenye vioo na baridi ya klimatizere ndilo linalopima. Tumeingia duka moja la mjini ambamo kijana alituletea maboksi matatu bila hata kutazama mguu wa mtoto, simu sikioni. Na tumemwona mzee mmoja chini ya mwavuli, mwenye rula ya ubao iliyokatika ncha, akimrudisha mama nyumbani na pesa yake kwa sababu hakuwa na kiatu kipana cha kumfaa mtoto. Huyo wa mwavuli ndiye tunayempeleka jirani.

Mtoto akivaa, viatu vyote viwili, na soksi atakazovaa masomoni, atembee. Si hatua mbili. Aende mpaka meza ya jirani na kurudi. Tazama kisigino: kinapanda na kutoka? Bonyeza mbele ya kidole kirefu, pawe na nafasi ya upana wa kidole chako gumba. Bana ngozi ya kiatu kwenye sehemu pana ya mguu. Ikiwa imekazwa kama ngozi ya ngoma, ni finyu. Kisha chukua kiatu mkononi na ukikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapokunjika, karibu na mbele. Kinachokunjika katikati kama mkate hakiwezi kumshika mtoto anayetembea kutoka Gambela au pembeni mwa Annexe kila asubuhi. Ingiza mkono wote ndani: misumari, uzi mgumu, gundi iliyoganda, utavisikia kwa vidole kabla mtoto hajavisikia kwa mguu. Kati ya kiatu cha kuchomeka tu na cha kamba au cha mkanda, chagua cha kamba au cha mkanda, hasa kama umechukua kikubwa kidogo. Kamba ndiyo inayorudisha mguu nyuma usiteleze. Zile karatasi tunazozijaza mbele ya kiatu hazifanyi kazi hiyo. Afadhali kordonye akukatie soli ya ndani, na mwaka unapokwenda unaiondoa.

Na wale wasioweza kumpeleka mtoto sokoni? Ni wengi: mtoto yuko kwa bibi Likasi, au mama anauza kutwa na anapita sokoni jioni peke yake. Basi acha kamba, chukua karatoni. Simamisha mtoto juu yake, zungushia kalamu mguu wote, kalamu ikisimama wima, si kuinama ndani. Miguu miwili. Kata. Karatoni hiyo ina urefu na ina upana, na ukiiingiza ndani ya kiatu ikalala bila kujikunja pembeni, umekwisha kuepuka nusu ya hatari. Andika jina na tarehe nyuma yake. Baada ya miezi minne mpime tena juu ya karatoni ileile, na utaona kwa macho kiasi alichokua.

Swali la pili kwa muuzaji: “Kisipomkaa, nirudi?” Hapa ndipo wengi wanageuka. Sisi hatuombi muujiza. Kiatu kilichotembea barabarani hakirudi, hiyo ni haki ya muuzaji. Lakini kilichojaribiwa nyumbani, juu ya mkeka au karatoni, kikarudi kesho yake na soli safi, kwa nini kisibadilishwe? Wapatane hivyo kabla pesa haijatoka, na muuzaji aandike kwenye kipande cha karatasi: tarehe, numero, bei, “kubadilisha ndani ya siku mbili”. Anayekubali kuandika ana mahali pake pa kudumu na jina la kulinda. Wale vijana wanaopita na viatu shingoni hatuwasemi vibaya, ni watoto wetu wanatafuta. Lakini kesho hujui utamkuta barabara gani. Kwao nunua babushi, si kiatu cha mwaka.

Jambo dogo la pesa, maana kila mwaka linaleta ugomvi. Wauzaji wengi wanataja bei kwa dola na kupokea falanga. Uliza mapema dola anaihesabu kwa falanga ngapi, maana humo ndimo bei inapanda bila kupanda. Na ukilipa kwa dola, isiwe imechanika hata ncha. Mnajua wenyewe jinsi noti yenye kidonda inavyokataliwa mji mzima.

Tusiwasahau wanaonunua tombola, kwa kuwa ni wengi wetu. Hatuoni aibu yoyote humo. Kiatu cha ngozi kilichovaliwa na mtoto wa Ulaya miezi mitano kinaweza kupita kipya cha plastiki mara tatu. Ila kiatu cha zamani kimekwisha kujifunza mguu wa mtu mwingine. Kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma: kama kisigino kimeliwa upande mmoja, kiatu kimeinama, na mtoto wako atainama nacho. Kiache, hata kama juu kinang'aa. Bonyeza sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino, iwe bado ngumu. Chungulia soli ya ndani: ukiona shimo la vidole vya mwenyewe, itolewe na kuwekwa mpya. Halafu osha ndani kwa sabuni, anika kikauke kabisa siku mbili tatu kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ule ugonjwa wa kuwasha katikati ya vidole hukaa ndani ya kiatu chenye unyevu. Muuzaji mzuri wa tombola anakuruhusu kukigeuza hivyo na kukinusa. Anayekunyang'anya mkononi akisema “Mama, unachelewesha wateja,” mwachie kiatu chake.

Tunaona pia vijana wa sekondari wanaokwenda masomoni na botine za mgodi, zile zenye chuma mbele, zilizonunuliwa au kurithiwa kwa baba. Zina nguvu, ni kweli. Lakini ni nzito, na chuma hakilegei hata kikivaliwa mwaka. Ngozi hufuata mguu polepole. Chuma hakifuati mtu. Kwa hiyo hata kwa baba mwenyewe anayefanya kazi mgodini, botine ijaribiwe na soksi nzito ya kazi, vidole visiguse chuma hata akishuka mteremko. Na botine ambayo chuma chake kimekwisha kubonyea haimlindi tena, hata ikipakwa rangi mara ngapi.

Ndugu zetu walioko Ubelgiji na Kanada wanajua kiatu kigumu kuliko hicho: kile cha kuteleza juu ya theluji, cha plastiki ngumu, kinachofungwa kwa vifungo vya chuma mpaka juu ya kifundo. Numero yake huandikwa kwa sentimita za mguu. Kwa kuwa hakikunjiki, duka zuri lina fundi ambaye kazi yake ni kupima tu: urefu, upana, unene wa kifundo. Kikishaanza kumuumiza, mteja anarudi kwa fundi huyohuyo, naye anakipanua mahali penye maumivu. Huko watu wanachagua duka kwa sababu ya fundi, kiatu kinafuata. Sisi hatuna theluji Katanga, tuna vumbi jekundu mpaka mwezi wa kumi na matope baada yake, lakini namna hiyo ya kuchagua hatuoni kwa nini iwe ya matajiri peke yao. Kordonye wetu anaweza kupanua ngozi kwa fomu ya mbao, anaweza kushona soli iliyobandikwa kwa gundi tu. Soli za gundi ndizo zinazofunguka kinywa mvua ya kwanza inapoanguka. Mpelekee kiatu kipya azungushie uzi kabla ya mwezi wa kumi na moja, utalipa kidogo kuliko kununua kingine katikati ya mwaka.

Neno kwa wamama wenye ugonjwa wa sukari, maana wako kati yetu. Ugonjwa huo unaweza kuondoa hisia za miguu, na mtu akavaa kiatu chenye msumari asijue mpaka kidonda kimeingia ndani. Kwenu hakuna kununua bila kujaribu, na kila asubuhi ingizeni mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu. Kidonda kidogo mguuni, nendeni kwa daktari siku hiyohiyo, msingoje.

Tumebaki na shauri ambalo kikundi cha Kampemba kilileta, nasi tumelikubali. Likelemba ya juma hili haitagawanywa mkononi kwa wale watatu ambao zamu yao imefika. Wao wenyewe wameomba iende kwenye viatu. Tutakwenda pamoja Jumamosi, wamama kumi na watoto wao au na karatoni zao, kwa muuzaji mmoja. Mama mmoja peke yake anayeomba kupimiwa na kuandikiwa karatasi anaonekana msumbufu. Wamama kumi wenye pesa mkononi hawaonekani hivyo. Wajumbe wawili wamekwisha kuzungumza na wauzaji watatu sokoni Kenya. Mmoja alikataa kuandika lolote. Wa pili alikubali kubadilisha lakini hakutaka watoto wajaribu. Wa tatu alikubali vyote viwili, na akauliza kama anaweza kuleta zaidi zile za upana mkubwa akijua mapema ni ngapi.

Kwa sababu hiyo tunaomba karatoni zote zimfikie mtunza hazina kabla ya Alhamisi jioni, miguu miwili kila mtoto, na jina, umri na kilasi. Mtoto ambaye mguu mmoja unapita mwingine sana, andikeni hivyo. Anayetaka kiatu cha tombola aje vilevile, tutatazama pamoja. Tunakutana mbele ya lango la soko saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kila mtoto aje na soksi zake.